Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti wa Uzamivu katika Epidemiolojia na Afya ya Jamii

Epidemiolojia na afya ya jamii zinatofautianaje katika ngazi ya uzamivu?

Epidemiolojia huchunguza jinsi magonjwa na hali nyingine za kiafya zinavyosambaa miongoni mwa watu, na sababu za msambao huo: ni nani anayeugua, wapi, lini, na kwa nini huyu augue na yule asalimike. Afya ya jamii ni uwanja mpana zaidi. Epidemiolojia ni mojawapo ya nguzo zake, na juu yake huongezwa sera, uchumi wa afya, uendeshaji wa huduma, mazingira na sayansi ya tabia. Kwa mwanafunzi tofauti kubwa ni ya mbinu. Anayesajiliwa katika epidemiolojia hutarajiwa kuimudu takwimu mwenyewe, tangu kusafisha faili la data hadi kutetea modeli aliyoichagua, ilhali mwenzake wa afya ya jamii anaweza kuandika tasnifu imara kuhusu utekelezaji wa sera akiwa hajakokotoa zaidi ya asilimia. Ipo pia shahada ya udaktari wa afya ya jamii iliyowekwa kwa ajili ya watendaji na viongozi wa huduma, ambayo utafiti wake huanzia kwenye tatizo la kazini. Kabla ya kuomba nafasi, soma tasnifu tatu au nne za karibuni kutoka idara unayoilenga. Jina la shahada husema machache sana kuhusu kazi inayofanywa humo.

Je, ni lazima niwe daktari wa tiba?

Hapana. Austin Bradford Hill, aliyeshiriki kuweka misingi ya majaribio ya kitabibu ya kisasa, alisomea uchumi na hakuwa na shahada ya udaktari wa tiba. Wauguzi, wanatakwimu, madaktari wa mifugo, wanajiografia na wanasosholojia wote hupokelewa. Daktari huja akiujua ugonjwa, lakini mara nyingi hulazimika kujifunza upya namna ya kufikiri, kwa sababu kliniki humwonesha mgonjwa aliyefika, na epidemiolojia humtaka amhesabu pia yule ambaye hakufika.

Masomo huchukua muda gani?

Uingereza hutoa miaka 3 hadi 4 kwa mwanafunzi wa muda wote. Marekani, ambako utafiti hutanguliwa na kozi za darasani na mtihani wa kufuzu, kwa kawaida ni miaka 4 hadi 6. Anayesoma huku akifanya kazi huhitaji muda mrefu zaidi. Ratiba nyingi za wanafunzi hukosea mahali pamoja: hutenga miezi mingi kwa kukusanya data na wiki chache kwa vibali na usafishaji wa data. Hali halisi huwa kinyume chake. Kibali hakiharakishwi na hamu ya mwombaji, na faili lenye watu waliozaliwa baada ya tarehe ya kusailiwa halijisafishi.

Nitajuaje kama swali langu la utafiti linatosha?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote yaliyo hapa, kwa kuwa muundo, sampuli, uchambuzi na hata utetezi hufuata mkondo wa swali. Wanafunzi wengi huja na mada wakidhani wamekuja na swali. “Shinikizo la juu la damu kwa watu wazima” ni mada. “Je, miongoni mwa watu wazima walioanzishiwa dawa za shinikizo la damu, wanaopewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo huendelea na matibabu kwa mwaka mzima zaidi ya wanaopewa za mwezi mmoja?” ni swali, kwa sababu linataja watu wanaohusika, kinacholinganishwa, tokeo linalopimwa na muda wa kulipima. Likikosa kimojawapo kati ya hivyo vinne, msimamizi atakurudisha, na ana haki.

Kipimo kingine ni kujiuliza kama jibu la “hapana” lingekuwa na faida. Swali ambalo linavutia tu endapo jibu litakuwa “ndiyo” ni la hatari kwa mtu ambaye shahada yake inalitegemea. Jiulize vilevile kama data zinazoweza kulijibu zinaweza kupatikana ndani ya muda ulio nao, na mtu mmoja akiwa ndiye mtendaji mkuu.

Mfano ulio bora kuliko nadharia ni wa John Snow, daktari aliyechunguza kipindupindu mjini London. Wengi wanamkumbuka kwa pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, aliyoihusisha na mlipuko wa mwaka 1854, lakini kazi yake yenye nguvu zaidi ya mwaka huohuo ilihusu kampuni mbili za maji, Southwark and Vauxhall na Lambeth. Zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ileile, wakati mwingine nyumba zilizopakana zikipata maji ya kampuni tofauti. Mwaka 1852 Lambeth ilikuwa imehamishia mlango wake wa kuchotea maji upande wa juu wa mto Thames, mbali na maji machafu ya jiji, na mwenzake hakufanya hivyo. Badala ya kuuliza kipindupindu husababishwa na nini, swali kubwa mno kwa mtu mmoja, Snow aliuliza kama vifo vinatofautiana kulingana na kampuni iliyoleta maji ndani ya nyumba. Alipata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, dhidi ya 37 kwa Lambeth. Watu walikuwa wa hali zinazofanana na mitaa ilikuwa ileile, kwa hiyo hoja iliyotawala wakati huo, kwamba hewa chafu ndiyo iliyoleta ugonjwa, ikakosa pa kusimama, na hayo yote yalitokea kabla ya kimelea cha kipindupindu kukubalika katika sayansi.

Nichague muundo gani wa utafiti?

Chagua ule ambao swali lako linaudai na muda wako unaubeba. Utafiti wa wakati mmoja hupima tatizo limeenea kiasi gani na huendana vizuri na uzamivu, ila hauwezi kusema kipi kilitangulia kati ya kisababishi na ugonjwa. Utafiti wa wagonjwa na walinganishi, yaani watu wasio na ugonjwa wanaolinganishwa nao, unafaa kwa magonjwa adimu. Ugumu wake hasa ni kuwapata walinganishi wanaotoka katika jamii ileile iliyowatoa wagonjwa, jambo ambalo huonekana jepesi kwenye karatasi na hushinda watu uwanjani.

Utafiti wa kufuatilia kundi huheshimika sana, lakini hauna huruma na ratiba. Richard Doll na Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza mwaka 1951 kuhusu uvutaji wao wa sigara, na ufuatiliaji ulidumu miaka 50. Ule wa magonjwa ya moyo wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948 kwa watu 5,209, umekwisha kuwaingiza watoto na wajukuu wa waliotangulia. Mwanafunzi haanzishi kitu kama hicho. Anachoweza ni kujiunga na kundi ambalo tayari linafuatiliwa na kuuliza swali lake humo.

Jaribio la nasibu, ambamo washiriki hugawanywa katika makundi kwa bahati tu, hutoa ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu athari za tiba au afua, na sababu yake imeonekana wazi. Kwa miaka mingi tafiti za uchunguzi, ambazo mtafiti hutazama tu bila kugawa tiba, zilidokeza kwamba homoni wanazopewa wanawake baada ya kukoma hedhi huwalinda na magonjwa ya moyo. Jaribio la Women's Health Initiative liliwagawa kwa nasibu wanawake 16,608 kati ya mchanganyiko wa estrojeni na projestini na kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa madhara yalizidi faida na ugonjwa wa moyo uliongezeka badala ya kupungua. Sehemu ya maelezo ni kwamba wanawake waliojichagulia homoni walikuwa pia na kipato, elimu na mienendo ya afya iliyotofautiana na ya wenzao. Hata hivyo, jaribio kamili hugharimu pesa na watu kuliko uwezo wa wanafunzi wengi, na jaribio dogo lisiloweza kugundua chochote si bora kuliko utafiti wa uchunguzi uliofanywa kwa umakini.

Je, naweza kutumia data zilizokwisha kukusanywa na wengine?

Ndiyo, na ni vizuri mashaka juu ya jambo hili yaishe. Uchambuzi wa data zilizopo ni utafiti kamili. Tafiti za kitaifa za demografia na afya, zilizoanza mwaka 1984 na kufanyika katika nchi zaidi ya 90, zimezaa tasnifu nyingi, na rejista za saratani na kumbukumbu za hospitali pia ni hazina. Kinachopungua ni kazi ya uwanjani. Ile ya kufikiri huongezeka, kwa sababu unarithi makosa ya mtu ambaye huwezi kumuuliza.

Mtego mmoja hujirudia mno katika kumbukumbu za hospitali. Tuseme unalinganisha vifo kati ya wagonjwa waliomaliza miezi sita ya dawa na ambao hawakumaliza, ukihesabu muda tangu siku ya kwanza ya matibabu. Kundi la kwanza, kwa namna lilivyofafanuliwa, halina mtu aliyefariki ndani ya miezi hiyo sita, kwa kuwa aliyefariki hakuweza kumaliza. Dawa itaonekana inaokoa maisha hata kama ni maji matupu. Dawa ya kosa hili ni kuanza kuhesabu muda mahali pamoja kwa wote, au kuuchukulia utumiaji wa dawa kama kigeu kinachobadilika kadiri muda unavyokwenda.

Ukubwa wa sampuli hukokotolewaje?

Kwa utafiti wa kukadiria asilimia, mfano ufuatao unatosha kuonesha hatua zote. Usipojua kiwango cha tatizo, kikadirie kuwa asilimia 50, kwa maana hapo ndipo sampuli huwa kubwa kuliko penginepo. Ukitaka makadirio yasiyokosea zaidi ya pointi 5 kila upande kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, unachukua 1.96 kwa kipeo cha pili, unazidisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, kisha unagawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Jibu ni 384.16, unaloliinua kuwa watu 385.

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu watahini hukutana na 384 au 385 katika tasnifu zisizohusiana kabisa. Lakini kama unachagua vijiji au mitaa kwanza, kisha watu 20 ndani ya kila mmoja, watu hao hufanana kuliko ambavyo wangefanana wakichaguliwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Kama kiwango cha kufanana kwao, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.05, athari ya muundo, yaani mara ngapi sampuli inapaswa kukuzwa, ni 1 kujumlisha 19 (watu 20 kutoa mmoja) mara 0.05, yaani 1.95, na sampuli inakuwa 751. Ukitarajia asilimia 10 ya watu wakatae au wasipatikane, gawanya 751 kwa 0.9 upate 835. Wapo wanaozidisha kwa 1.1 wakapata 827 na kudhani ni kitu kilekile. Tofauti ni ndogo hapa, ila hukua kadiri wanaokosekana wanavyoongezeka.

Hesabu hiyo ni ya makadirio tu. Ikiwa lengo ni kulinganisha makundi mawili, unahitaji kutaja tofauti ndogo kabisa yenye maana kiafya na uwezo wa kuigundua, ambao kwa desturi huwekwa asilimia 80 au 90. Tofauti hiyo itolewe na ujuzi wa ugonjwa. Kuirekebisha mpaka ilingane na bajeti ni tabia iliyozoeleka, na mtahini mzoefu huitambua mara moja.

Kibali cha maadili kinahitajika lini?

Kabla ya kumgusa mshiriki wa kwanza, na kwa data zilizopo, kabla ya kulifungua faili lenye taarifa za watu. Hata data zisizo na majina kwa kawaida hupitishwa kwenye kamati ili yenyewe iamue kama zinastahili msamaha. Uamuzi huo si wa mtafiti.

Masharti haya yalizaliwa na maovu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilifuata kesi ya madaktari wa Wanazi, na Azimio la Helsinki likapitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa tangu mwaka 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli wala kutibiwa, ingawa penisilini ilikuwa imekwisha kuwa tiba ya kawaida. Hao waliokuwa wakifuatilia walikuwa wataalamu wa afya ya jamii. Mwanafunzi anayeiona kamati kama dirisha la mihuri anapaswa kulikumbuka hilo.

Kwa upande wa utendaji, maombi mengi hurudishwa kwa sababu ya fomu ya ridhaa. Imeandikwa kwa lugha ya tasnifu, haisemi mshiriki ajitoe vipi, au haielezi atakayegundulika na ugonjwa wakati wa utafiti atapelekwa wapi. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Ukipima shinikizo la damu la watu, utakutana na wagonjwa, na huwezi kuandika namba ukaondoka.

Dodoso zuri huandikwaje?

Anza na dodoso zilizokwisha kujaribiwa, kisha ongeza yale tu yanayolazimishwa na swali lako. “Je, mtoto wako huharisha?” halipimiki, maana kila mama atalijibu kwa kipindi anachokijua yeye. “Je, mtoto huyu aliharisha wakati wowote katika wiki mbili zilizopita?” hupimika, na ndicho kipindi kinachotumiwa na tafiti za demografia na afya, hivyo matokeo yako yataweza kulinganishwa na ya wengine. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, na mwingine ambaye hajaona nakala ya awali airudishe katika lugha ya mwanzo. Kisha dodoso lijaribiwe kwa watu wasio katika sampuli, nawe ukae kando usikilize. Mahali msaili anapoanza kutoa maelezo yake mwenyewe ndipo swali lilipovunjika.

Nitumie programu gani ya uchambuzi?

Ile ambayo msimamizi wako anaweza kuikagua. R ni ya bure na ina uwezo mkubwa. Stata hupendwa na wanaepidemiolojia kwa wepesi wake katika tafiti za sampuli za ngazi nyingi. SAS bado imeshika majaribio ya dawa. Muhimu zaidi ni kwamba kila hatua iandikwe kwenye faili la maagizo. Anayechambua kwa kubofya menyu hataweza kurudia jedwali lake la pili mtahini akimwomba abadilishe kundi moja la umri.

Je, matokeo yasipofikia p chini ya 0.05 nimeshindwa?

Hujashindwa. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo ya namna hii au makubwa zaidi endapo hakuna athari yoyote, haisemi ni kwa uwezekano gani dhana yako ni ya kweli, na Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2016 kukumbusha hilo. Ripoti ukubwa wa athari pamoja na kipindi cha uhakika, yaani upana wa thamani zinazoendana na data zako, kisha ueleze kama kipindi hicho kinaondoa uwezekano wa athari yenye maana. Kipindi chembamba kinachozunguka sifuri ni ugunduzi. Kipindi kipana ni ukosefu wa taarifa, na hivyo viwili havistahili sentensi moja.

Jambo lililo karibu na hilo ni uwiano wa odi (odi ni idadi ya waliopata tokeo ikigawanywa kwa wasiopata), unaotolewa na modeli za lojistiki na kufasiriwa ovyo. Kama asilimia 60 ya kundi moja na 40 ya jingine wamepata tokeo, hatari ya kundi la kwanza ni mara 1.5 ya kundi la pili, lakini uwiano wa odi ni 2.25. Kuandika kwamba “uwezekano wao ulikuwa zaidi ya maradufu” ni kosa, na huonekana hata kwenye majarida. Namba hizo mbili hukaribiana tu pale tokeo linapokuwa adimu.

Kuhusu vigeu vya kurekebisha katika modeli, yaani mambo mengine unayoyazingatia ili ulinganisho uwe wa haki, chora kwanza mchoro wa mishale unaoonesha kipi kinasababisha kipi, kabla ya kuona data. Kurekebisha kigeu kilicho katikati ya njia ya kisababishi kuelekea tokeo hufuta athari ileile unayoitafuta. Kuviacha vigeu vichaguliwe na kompyuta kwa thamani ya p kunarahisisha kazi, lakini hakujibu swali la kisababishi.

Je, mbinu za mahojiano ya kina zina nafasi?

Zina nafasi, iwapo swali ni la “kwa nini” au “kwa namna gani”. Zisiongezwe kama pambo la sura ya mwisho. Mahojiano yanahitaji mpango wake wa kuchagua washiriki na uchambuzi wake, vinginevyo yatabaki nukuu zilizobandikwa chini ya majedwali.

Nitegemee nini kwa msimamizi?

Tegemea usomaji makini, upinzani wa haki na majibu kwa wakati mliokubaliana. Usitegemee akuandikie. Tumeni muhtasari wa kila kikao kwa maandishi siku hiyohiyo, jambo linaloonekana dogo lakini huzuia ugomvi wa baadaye kuhusu nani alishauri nini. Mkiwa na wasimamizi wawili wasiokubaliana, waombe wakae pamoja. Mwanafunzi asiwe mpeleka ujumbe.

Niandike tasnifu moja ndefu au mkusanyiko wa makala?

Hutegemea kanuni za chuo. Mkusanyiko wa makala, uliozoeleka sana katika nchi za Skandinavia, humpa mwanafunzi machapisho kabla ya kuhitimu, lakini humfunga kwenye ratiba ya majarida ambayo haidhibiti. Kubalianeni mapema kuhusu majina ya waandishi. Kwa kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, mwandishi ni aliyechangia kwa uzito kubuni kazi au kupata au kuchambua data, akashiriki kuandika au kuhakiki, akaidhinisha nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika. Kuongoza idara au kutoa gari la utafiti si mojawapo. Andika kwa kufuata mwongozo unaolingana na muundo wako: STROBE kwa tafiti za uchunguzi, CONSORT kwa majaribio ya nasibu, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo. Jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku chache kwa malipo liachwe.

Watahini huuliza nini wakati wa utetezi?

Huanza na jepesi, kwa mfano umegundua nini kipya, na kulijibu kwa dakika mbili ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Kisha huingia kwenye maamuzi: kwa nini walinganishi hawa, waliopotea katika ufuatiliaji walitofautianaje na waliobaki, matokeo yangebadilika vipi kama kigeu ambacho hukukipima kingekuwepo. Udhaifu unaoutaja mwenyewe, ukaeleza unayasukuma matokeo upande gani na kwa kiasi gani, haukupunguzii alama. Orodha ya udhaifu isiyosema upande wala kiasi ndiyo huwachokoza.

Wengi hupita kwa sharti la kufanya masahihisho. Andaa jedwali la safu tatu, hoja ya mtahini kwa maneno yake, ulichobadilisha, na ukurasa kilipo. Na pale usipokubaliana naye, weka sababu yako kwenye safu ya pili kwa sentensi moja au mbili na uache maandishi yalivyokuwa.